Rangi ya Mabawa Uliyoitoa Kabatini

Baba Wakesho,

Nasikia umewaambia watu wa hapa Voi kwamba mkeo alivunja ndoa kwa sababu ya kitambaa. Ulimwambia yule jirani anayeshona viatu, ukamwambia kaka yako, ukamwambia mzee wa kanisa aliyekuja kutupatanisha. Sasa hata wanawake ninaopanga nao foleni ya maji wananiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsemesha mgonjwa, "Mama Wakesho, kweli ni kitambaa tu?" Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Ndiyo maana barua hii siitii kwenye bahasha. Anayetaka kuisoma aisome. Ni kweli, ni kitambaa. Sasa wajue ni kitambaa gani.

Nitaanzia mbali, kwa sababu wewe una tabia ya kuanzia habari pale inapokupendeza.

Ulinikuta dukani, nikiuza rangi na vifaa vya ujenzi. Ulikuwa fundi wa kuandika mabango, na ulikuja kutafuta kijani cha basi dogo la mbao ulilokuwa unalichonga. Nikakuchanganyia. Ukaondoka, ukarudi. "Dada, hii imezidi manjano." Nikaongeza tone la bluu. Ukarudi tena. "Sasa imekufa." Mwenye duka alitaka kukufukuza, lakini mimi nilicheka. Wateja wetu walitaka nyeupe ya ukutani na nyekundu ya sakafu, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia rangi imekufa. Jioni ulipita na lile basi mkononi, ukanionyesha likiwa juani, kisha ukaliingiza kivulini, na nikaona unachokiona. Nadhani nilikupenda pale pale, juu ya ngazi za duka.

Siyakani hayo. Tulikuwa na raha. Madereva walioegesha malori Maungu walikuwa wanakuagiza uwachongee malori yao kwa udogo, kila mmoja akitaka maneno yake ya nyuma yaandikwe vile vile yalivyo. Mimi nilikaa kando na makopo, Wakesho mgongoni. Alipoanza kutembea alichovya kiganja kwenye rangi nyekundu akakipiga kwenye mlango wa lori lililokuwa limekwisha. Dereva aliyeliagiza alikuwa amesimama hapo akisubiri. Nikashika kitambaa nifute. Ukanizuia. "Hiyo haifutwi. Kama hulitaki, ndugu, liache." Akalichukua hivyo hivyo, akicheka. Siku ile nilijiambia nimeolewa vizuri.

Halafu mtoto akaugua homa ya mapafu, katika ile mvua iliyokata barabara. Hayo unayajua na sitayaandika kwa ajili ya wasomaji. Hakuwa amefikisha miaka miwili. Tulimzika kwenu Wusi, kando ya migomba ya mama yako, na tukarudi Voi na begi la nguo zake.

Hukulia mbele ya watu. Sikukulaumu, kila mtu na kilio chake. Nguo nyingi niligawa. Nikabaki na moja: gauni la ubatizo. Mama yangu alilishona kwa mkono kule Njukini, kwa melimeli ambayo bibi yangu alikuwa ameihifadhi tangu ujana wake. Kitambaa chembamba mpaka unaona vidole vyako upande wa pili. Kilikuwa cheupe zamani. Miaka ikakigeuza rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Kifuani kulikuwa na alama ndogo ya uji, kwa sababu baada ya ibada alikula akiwa nalo. Sikulifua. Nililikunja nikaliweka kwenye sanduku la bati, ndani ya kabati, na siku ambazo nyumba ilikuwa tupu nilifungua sanduku nikanusa, nikafunga. Ulijua. Uliwahi kunikuta nikifanya hivyo, ukarudi nje, na mimi nikaona hiyo ni heshima.

Kisha ikaja kazi ya hoteli. Ile hoteli iliyo kwenye barabara ya kwenda Taveta, yenye chumba cha habari za vita vya kwanza vya dunia. Walitaka mfano wa ndege ya mabomu, ya aina iliyorukia Maktau wakati Waingereza na Wajerumani walipokuwa wanapigania nchi yetu bila kutuuliza. Kila futi ya ndege halisi iwe nusu inchi mezani kwetu. Ulifurahi kwa mara ya kwanza tangu Wusi, nami nikafurahi kwa sababu yako. Nilidhani ndege ile ndiyo namna yako ya kulia. Nikakuachia meza, nikakuachia sebule, nikawa nakula nimesimama jikoni.

Tulikwenda Maktau pamoja. Ulizunguka kwenye lile tambarare la vichaka ukiulizia mahali ndege zile zilipotua, ukajaza udongo kwenye mkebe wa majani ya chai ili vumbi la magurudumu liwe la pale pale. Mchunga mbuzi akakuuliza unatafuta dhahabu. Ukamwambia, "Natafuta rangi." Akaniangalia mimi, nikainua mabega. Tulicheka njia nzima kurudi.

Sikuwahi kuona mtu akijua kitu kimoja namna ile. Ulinieleza kwamba picha za zamani hudanganya: nyekundu hutokea kama nyeusi, bluu hufifia mpaka unaidhania nyeupe, kwa hiyo anayenakili picha bila kufikiri anapotea. Kwenye mkia, bluu itangulie mbele, nyekundu imalizie nyuma. Kifuniko cha injini kiwe kijivu, lakini si kijivu cha lango. Nguzo za katikati ya mabawa ni mbao zilizopakwa vanishi, kwa hiyo usipake kahawia, tafuta ubao wenye rangi yake. Yale mabomu madogo chini ya mabawa uliyarudia hadi nikayaota. Nilichanganya bluu yako mara nyingi kuliko nilivyowahi kuchanganya rangi ya nyumba yoyote. Na bluu ile ikatoka sawa. Hilo nililifanya mimi, ingawa hujawahi kulitaja.

Shida ikawa mabawa. Uliyatengeneza kwa karatasi ngumu ukayapaka rangi ya maziwa. Mwenye hoteli akamleta rafiki yake, mzee mmoja mstaafu anayejua ndege za zamani, aitazame kazi kabla haijakwisha. Akaizunguka meza yetu mikono nyuma. Akasema mbao ni nzuri. Akasema mabawa yanafanana na ukuta wa sebule. Ndege zile, akasema, zilivikwa kitambaa kikapakwa vanishi tu, bila rangi. Ukiiweka juani unaziona mbavu zake za mbao ndani.

Alipoondoka ulikaa kitini ukasema, "Ameniita mpaka rangi wa nyumba."

"Hakusema hivyo," nikakuambia.

"Amesema hivyo hivyo."

Tukajaribu kitambaa cha marekani. Nyuzi zake nene, kwa udogo ule zilionekana kama gunia. Tukajaribu leso ya mfukoni, tukaichemsha na majani ya chai. Ikawa na madoa kama ukuta uliovuja. Maganda ya vitunguu yakaifanya ya machungwa. Ulikuwa huli. Mama akanipigia simu kutoka Njukini kwamba maharagwe yamekauka na mgongo umemshika, nikaenda kumsaidia kuvuna. Kwaheri yetu ilikuwa nzuri. Ulinisindikiza hadi stendi ukanibebea mfuko. Sikuwa na shaka yoyote na wewe, na jambo hilo linanitia hasira hata leo.

Niliporudi ilikuwa alasiri. Ndege ilikuwa mezani, mbele ya dirisha, imekwisha. Jua lilikuwa linapita kwenye mabawa na mbavu zote zilionekana, nyembamba, zimepangika. Rangi ilikuwa hai. Niliacha mfuko wa maharagwe mlangoni nikasema, kwa kinywa changu mwenyewe, "Baba Wakesho, hii sasa ndiyo."

Ulitabasamu kama mtoto.

"Umeipata wapi rangi hii?"

"Ilikuwa hapa hapa nyumbani."

"Hapa wapi?"

"Kabatini."

Bado sikuelewa. Nakuapia sikuelewa. Nikasogea karibu, nikaona kwenye bawa la chini, pembeni, mshono mdogo wa mama yangu, ule wa kurudi nyuma anaoshona yeye tu. Ulikuwa umeugeuza ukingo wa bawa, kwa sababu mshono ule ulikuwa umenyooka.

Waliosoma mpaka hapa watataka kujua nilipiga kelele kiasi gani. Sikupiga. Nilikuuliza mikono ya gauni iko wapi.

"Nimetengenezea mkia."

"Na kola?"

"Ilikuwa na maua ya uzi, haikufaa. Niliitupa."

"Na ule uji?"

Ukanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Ilibidi nilifue. Vanishi haishiki kwenye mafuta."

Nilitoka nikaenda jalalani nyuma ya nyumba. Taka zilikuwa zimechomwa. Nilikoroga majivu kwa kijiti, nikapata kifungo kilichoyeyuka ambacho hata si cha gauni. Niliporudi ulikuwa umesimama kati yangu na meza, mikono umeinyoosha. Ulikuwa unailinda ndege. Dhidi yangu, mama wa mtoto. Ukasema maneno ambayo ulipowasimulia watu uliyaacha, basi nayaweka hapa: "Lilikuwa halina kazi, Mama Wakesho. Ulitaka liliwe na nondo? Sasa litaonekana na watu."

Sijui kama uliwahi kufikiria jambo hili: ungeniuliza. Ningekataa, najua, na ndiyo maana hukuuliza. Ulisubiri niende kumsaidia mama yangu, aliyelishona.

Nikalala kwa jirani. Siku ya kuikabidhi ndege nilikuja hotelini, nikiwa na nia ya kumwomba mwenye hoteli asiipokee. Nilifika mmekwishaanza. Uliniona nimesimama mlangoni, na ulikuwa bado na nafasi ya kunyamaza. Badala yake ukainua sauti. Ukawaambia wageni kwamba mabawa yale ni nguo ya marehemu binti yako, umeitoa kwa kumbukumbu yake, ili naye apae. Wakapiga makofi. Mama mmoja mgeni akafuta machozi, akaja kukushika mkono. Yule mstaafu akainama karibu na bawa akasema rangi ni sahihi kabisa, hajawahi kuona iliyo sahihi namna ile.

Mpaka pale ningeweza, labda baada ya miaka, kusema ulikuwa mtu aliyepotea ndani ya kazi yake. Wanaume hupotea. Lakini kabla ya siku ile hukuwa umetaja kumbukumbu. Mbele yangu ulisema vanishi haishiki kwenye mafuta. Kumbukumbu uliipata pale pale, mbele ya watu, ulipoona macho yangu na ukajua ninakuja kuiharibu siku yako. Ulimchukua mtoto wangu ukamweka mbele yako kama ngao. Hicho ndicho nilichokiondokea. Kitambaa ni jina lake tu.

Mzee wa kanisa alikuja na biblia yake, akaniambia Wakesho yuko mahali ambapo nguo hazihitajiki. Nikampa chai. Nikamwambia mimi niko mahali ambapo zinahitajika. Akamaliza chai akaenda. Nawe ukahamia Nairobi, na nasikia huko wanakusifu, una karakana, na ile ndege ndiyo unayowaonyesha wateja kwenye simu.

Sasa nikueleze ambayo hujaambiwa.

Meneja wa zamani wa hoteli ameondoka. Aliyepo ni mwanamke, Bi Mwende, aliyekulia hapa hapa Voi. Mwezi uliopita nilipanda pikipiki nikaenda kumwona. Sikupanga maneno. Nilimwambia, "Mle chumbani mna nguo ya mtoto wangu, nimekuja kuichukua." Alidhani nimeibiwa. Nikampeleka mbele ya sanduku la kioo lenye ndege nikamwonyesha mshono, nikamwonyesha mahali ambapo mkono wa gauni umekuwa mkia. Akasema, "Mimi huwaambia wageni kila siku kwamba baba alitoa nguo hii kwa mapenzi."

"Haikuwa yake kuitoa."

Akasema hawezi kuamua peke yake. Mwenye hoteli alikataa, akisema kazi ile ni yao kihalali. Nikarudi Voi mikono mitupu. Baada ya wiki Bi Mwende akanipigia. Alikuwa amerudi kwa mwenye hoteli akamwambia maneno haya, nayaandika kama alivyonipa: "Mbao ni za hoteli. Nguo ni ya mama. Kama tutalipwa kiingilio kwa nguo ya mtoto wa mtu, na mama yake amesimama getini, mimi hiyo kazi sitaiweza." Akaruhusiwa.

Tuliitoa kwenye kioo tukaiweka mezani, kwenye baraza la nyuma. Nilikuwa na thina ya kuyeyusha vanishi, wembe na pamba. Unajua mikono yangu. Nilifanya kazi safi. Vanishi yako ilikuwa nzuri, nakupa hilo, ilinichukua asubuhi nzima. Kitambaa kilitoka vipande vipande, kigumu kama maganda. Ile miviringo uliyoichora kwenye mabawa kuwa alama za ndege za Waingereza, nyekundu, nyeupe na bluu, ilikataa kutoka. Ile bluu niliyokuchanganyia imeingia hadi ndani ya nyuzi. Bi Mwende alikuwa ananishikia bawa lisivunjike. Alisema mara moja tu, "Pole, mama," kisha tukaendelea na kazi. Sikupasua hata ubavu mmoja wa ndege yako. Ulipokuwa umesimama mbele yangu mikono umeinyoosha, ulidhani mimi ndiye wa kuharibu.

Vipande nilivipeleka Wusi.

Niliogopa, kwa sababu ni kwenu, na sikujua umemwambia nini mama yako. Nilimkuta anachambua mboga. Nikafungua leso nikamwonyesha. Alivigusa, akakipata kile chenye mshono, akauliza, "Hili si gauni la mjukuu wangu?"

"Ndilo, mama."

"Nani amelifanya hivi?"

Sikutaka kumsema mtoto mbele ya mama yake. Alinitazama, akaziangalia zile alama za ndege, na ninaamini alikumbuka picha ulizomtumia ukijisifu. Aliweka mboga chini. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe. Nilitaka kumpokea jembe, maana ni mzee na kule kuna mteremko. Akakataa. "Hili acha nichimbe mimi," akasema. Alichimba kando ya kaburi, polepole, akipumzika na kuanza tena, nami nimeshika leso. Tulipofukia alikaa chini kwenye nyasi akalia kwa sauti, kama siku ile ya kwanza, mpaka majirani wakaja. Walipouliza kuna nini, aliwaambia, "Tunamzika Wakesho vizuri." Jina lako hakulitaja. Usimpigie simu kumuuliza. Akitaka kusema na wewe, anayo namba yako.

Sikuandikii ili uniombe msamaha. Usiniombe, utanifanya nikusikilize. Wala sijaja kusema kwamba hukumpenda mtoto. Ulimpenda, lile lori lenye kiganja nililiona kwa macho yangu. Ndiyo maana siwezi kukufanyia huruma ambayo ningemfanyia mtu mjinga. Ulijua thamani ya alama ya mkono wake ikiwa kwenye kazi yako, na thamani ya alama ya uji wake hukuijua, kwa sababu ile ilikuwa yangu.

Kuna watu watasema mke hamwandiki mumewe hivi hadharani. Wewe ulinisema hadharani, tena ukianzia katikati. Nami nimesema yote, na sasa yeyote atakayeniuliza kwenye foleni ya maji nitamwambia akasome.

Jana Bi Mwende alinipigia. Ndege yako iko kwenye kioo, mbavu tupu, na mwenye hoteli anataka ivikwe upya. Aliniuliza fundi ni nani. Nimempa namba yako. Akikupigia, uwe na adabu naye. Rangi unaijua. Kitambaa, safari hii, tafuta chako.

Kaa huko huko.

Mama Wakesho